Mwanangu anabanwa kifua, na kiwanda ndicho kinachotulisha

Mshauri wetu, shikamoo.

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana, kwa sababu kila nikiisoma naona kama naishtaki nyumba yangu mwenyewe.

Tunaishi bondeni. Upande mmoja kuna kiwanda cha kuyeyusha chuma, upande wa pili barabara kuu isiyolala kwa malori, na milima imetuzunguka. Mume wangu anafanya kazi kiwandani humo, huu ni mwaka wake wa 14. Mshahara wake ndio uliojenga nyumba na ndio unaosomesha watoto wetu watatu. Sisemi haya kwa kulalamika. Nataka ujue kwamba nikikisema kiwanda, namsema mume wangu pia, au ndivyo yeye anavyosikia.

Mtoto wetu wa pili ana miaka minane. Alianza kukohoa akiwa na minne, tukasema ni mafua. Mafua yakaisha, kikohozi kikabaki. Mwaka jana amelazwa mara tatu, daktari akasema ni pumu. Usiku silali vizuri, nasikiliza kifua chake kinavyopiga mluzi. Kuna asubuhi za baridi, upepo umetulia, bonde linajaa ukungu wa rangi ya kahawia mpaka nyumba ya jirani huioni vizuri. Nimeshazoea: asubuhi ya namna hiyo, jioni yake tuko hospitali.

Si yeye peke yake. Mwalimu wake aliniambia ana inhela saba kwenye kabati la darasa, za wanafunzi wa darasa hilo moja. Jirani yangu amejifungua njiti mara mbili. Baba mkwe wangu alifariki kwa kiharusi akiwa na miaka 58, na sigara hakuwahi kuigusa. Nilipoyaweka haya pamoja nikamwuliza mume wangu, je, si hewa hii tunayovuta? Alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Akasema, "Unataka kifungwe tule nini?" Mama mkwe naye anasema pumu imetoka ukoo wetu, kwa kuwa dada yangu alikuwa nayo utotoni, na kwamba mimi ni mvivu wa kufuta vumbi. Mshauri, nafuta mara mbili kwa siku. Kitambaa kinatoka cheusi.

Nikajikaza nikaenda kwenye mkutano wa mtaa. Nilipouliza kuhusu moshi, afisa mmoja akanijibu mbele ya watu: "Mama, huwezi kuthibitisha kwamba moshi huu ndio uliomwuguza mwanao. Watoto wanaugua pumu kila mahali." Nikakaa chini. Sikuwa na la kusema, na tangu siku hiyo nawaza labda anasema kweli.

Naomba unisaidie. Ni hewa, au ni mimi? Tuhame? Na kama hatuna pa kuhamia, nifanye nini?

Mama wa bondeni

*

Marahaba, binti yangu.

Tuanze na mtoto, maana hayo mengine yote yanaweza kungoja hadi wiki ijayo. Mtoto aliyelazwa mara tatu kwa mwaka mmoja, pumu yake haijadhibitiwa. Mrudishe kwa daktari hata kama leo yuko uani anacheza, na umwulize wazi: mwanangu ana dawa ya kuzuia, ile ya kuvuta kila siku hata akiwa mzima, au ana ile ya kufungua kifua peke yake? Wazazi wengi waangalifu kama wewe huacha ile ya kila siku mara tu mtoto anapopata nafuu, kwa sababu hakuna aliyewaeleza kwamba nafuu hiyo imeletwa na dawa hiyo hiyo. Mwombe daktari aangalie pia jinsi mtoto anavyoivuta, kwa kuwa ikivutwa vibaya huishia mdomoni na kooni. Kisha akuandikie kwenye karatasi hatua za kufuata akibanwa, nakala moja ibaki kwa yule mwalimu. Ukiona anashindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, ngozi ya katikati ya mbavu inavutwa ndani, midomo inabadilika rangi, au dawa ya kufungua haimsaidii, usingoje kukuche.

Sasa maneno ya yule afisa. Yana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo iliyokukalisha chini. Ni kweli kwamba daktari akisikiliza kifua kimoja hawezi kukuambia, "Hiki kimebanwa na moshi wa bomba lile." Pafu lililovimba kwa moshi na pafu lililovimba kwa sababu nyingine hufanana mno. Lakini hilo ni swali la mtoto mmoja. Swali la bonde zima ni jingine, na lina jibu. Ukiwahesabu watoto wote wa eneo, mwaka kwa mwaka, siku chafu na siku safi, kinachojificha ndani ya kifua kimoja hujitokeza katika hesabu ya wote. Afisa alichukua ugumu wa swali la kwanza akalifungia nalo swali la pili, na wengi hufanya hivyo bila hata kukusudia.

Nikupe mfano wa bonde linalofanana na lenu. Katika bonde la Utah, Marekani, lililozungukwa na milima, palikuwa na kiwanda kikubwa cha chuma. Agosti 1986 kilifungwa kwa sababu ya mgogoro wa wafanyakazi na mwajiri, kikafunguliwa tena Septemba 1987. Hakuna aliyekifunga kwa ajili ya hewa. Mchumi mmoja wa huko, C. Arden Pope, akaenda kwenye daftari za hospitali akalinganisha. Katika majira ya baridi kiwanda kilipokuwa kinafanya kazi, watoto waliolazwa kwa mkamba na pumu walikuwa mara mbili hadi tatu ya waliolazwa majira ya baridi kilipokuwa kimefungwa. Watoto ni wa bonde lile lile, wazazi wale wale, wenye kufuta vumbi na wasiofuta. Kilichobadilika ni moshi. Na bado, katika watoto wote hao, hakuna hata mmoja ambaye daktari angeweza kusimama kitandani pake akaapa kwamba huyu ni wa kiwanda.

Huo ukungu wa kahawia nao una maelezo. Kwa kawaida hewa ya chini huwa na joto, hupanda na kuuchukua moshi kwenda nao juu. Usiku wa baridi usio na upepo, hewa ya baridi hutulia chini ya bonde na hewa yenye joto ikalala juu yake kama kifuniko cha sufuria. Milima ndiyo kingo za sufuria hiyo. Kila kinachotoka kwenye dohani na kwenye malori hubaki mle mle mnamopumua. Mwishoni mwa Oktoba 1948 kifuniko cha namna hiyo kilikaa siku kadhaa juu ya Donora, mji wa viwanda vya chuma na zinki huko Pennsylvania. Watu 20 walikufa na karibu 6,000 kati ya wakazi 14,000 waliugua, hadi mvua iliponyesha. London, Desemba 1952, siku tano za ukungu wa makaa ya mawe ziliua maelfu. Hesabu ya kwanza ilikuwa kama 4,000, na waliokuja kurudia hesabu miaka mingi baadaye wakafikia kama 12,000. Huko nako walikuwepo waliosema ni homa ya mafua tu.

Nakutajia maafa hayo ili uelewe sufuria, si kukutisha. Bonde lenu linaumizwa zaidi na siku za kawaida, zile ambazo ukungu hauonekani kabisa. Chembe zinazodhuru kuliko zote ni zile zisizozidi maikroni 2.5, na unywele wa kichwani una upana wa maikroni 50 au zaidi. Vumbi unalolifuta mezani ni kubwa, pua na koo hulizuia sehemu. Hizi ndogo hupita hadi kwenye vifuko vya hewa mwishoni kabisa mwa mapafu, na zilizo ndogo kuliko zote huweza kuingia kwenye damu. Ndiyo maana hewa chafu haiishii kifuani. Huvimbisha kuta za mishipa, hupandisha presha, huifanya damu igande kwa urahisi zaidi, na mwisho wake ni moyo na kiharusi. Kwa wajawazito imehusishwa na watoto njiti na wanaozaliwa na uzito mdogo. Mwaka 2013 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka hewa chafu ya nje katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani.

Kwa hiyo baba mkwe wako? Siwezi kukuambia kilichomwua, wala sitajifanya naweza. Ninachoweza kukuambia ni hiki: mwaka 1993 watafiti wa Harvard walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wazima zaidi ya 8,000 katika miji sita ya Marekani kwa miaka 14 hadi 16. Waliondoa kwenye hesabu athari za sigara, uzito na kazi za watu. Kiwango cha vifo katika mji wenye hewa chafu kuliko yote kilizidi cha mji wenye hewa safi kwa asilimia 26, na vifo vingi vilivyohusiana na hewa hiyo vilikuwa vya moyo na mapafu. Ulipokiunganisha kiharusi cha mzee na kifua cha mtoto, hukuwa unaropoka.

Kuhusu mama mkwe, mweleze kwa upole kwamba amesema jambo la kweli akalipeleka pasipo. Pumu hurithiwa kwa sehemu. Mtoto huzaliwa na njia za hewa nyepesi kuchokozeka, halafu hewa ya kila siku ndiyo inayozichokoza. Damu ya ukoo wenu ingekuwa ndiyo sababu yote, asingekuwa anabanwa jioni ya kila asubuhi ya ukungu. Endelea kufuta kwa kitambaa kibichi, usifagie vumbi likavu likapanda juu, lakini kitambaa kile cheusi kisikuumize tena. Weusi ule haukutoka kwenye mikono yako.

Kuna mama mwingine nataka umfahamu. Anaitwa Rosamund, wa London. Binti yake, Ella Kissi-Debrah, alikuwa na pumu kali, akilazwa tena na tena, na nyumba yao ilikuwa hatua chache kutoka barabara yenye magari mengi. Ella alifariki Februari 2013 akiwa na miaka tisa. Uchunguzi wa kwanza wa kifo chake haukugusa hewa. Mama yake hakukubali, akadai ufanyike mwingine, na Desemba 2020 ikatamkwa rasmi kwamba hewa chafu ilichangia kifo cha Ella. Hilo lilikuwa jambo jipya Uingereza. Sikulinganishii mwanao naye. Wako yu hai, anatibika, na tunataka abaki hivyo. Nakutajia kwa sababu ya jambo moja katika uamuzi ule: ilitamkwa kwamba mama hakupewa taarifa kuhusu hewa na hatari yake, taarifa ambazo zingemwezesha kuchukua hatua. Hakuna aliyemwambia. Nawe hakuna aliyekuambia, ukajiambia mwenyewe kwa macho yako, kisha ukaambiwa ukae chini. Nilipofika hapo kwenye barua yako niliumia.

Umeuliza mhame. Kwa mapafu ya mtoto, kuhama husaidia, nisikufiche. Kusini mwa California watafiti walipima mapafu ya watoto kwa miaka mingi kuanzia 1993. Waliokulia kwenye hewa chafu zaidi walifika miaka 18 wakiwa na uwezekano wa karibu mara tano wa kuwa na mapafu dhaifu. Waliohamia kwenye hewa safi zaidi, mapafu yao yalikua haraka zaidi. Lakini kuna sehemu ya pili inayonipa matumaini zaidi kwa ajili ya wanaobaki: sheria za magari na viwanda zilipoisafisha hewa ya huko, watoto wa kizazi kilichofuata, wakiishi pale pale, walikua na mapafu bora. Walihamiwa na hewa safi, kama naweza kusema hivyo. Basi mkipata nafasi ya kuhama bila kuvunja familia, hameni. Mkikosa, angalieni hata umbali mdogo. Moshi wa barabara hupungua sana ndani ya mita mia mbili au tatu za mwanzo. Nyumba iliyo ndani kidogo, njia ya shule inayopita nyuma badala ya kando ya malori, chumba cha kulala cha mtoto kilicho upande usiotazama barabara, vyote hivyo vina maana.

Siku za ukungu wa kahawia, madirisha yafungwe asubuhi na yafunguliwe upepo ukianza kuvuma. Siku hizo asikimbie nje, na mwalimu ajue ni kwa nini, kwa kuwa mtoto anayekimbia huvuta hewa mara kadhaa zaidi ya aliyekaa. Nyumbani pasiwe na sigara wala kuchoma takataka, na jiko la moshi liwe mbali naye. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizi. Ile ya kuchuja, inayobana usoni pande zote, huzuia, ila kumpata mtoto wa miaka minane akae nayo siku nzima ni kazi, na uso mdogo mara nyingi huacha upenyo.

Nimemwacha mume wako mwisho kwa sababu yeye ndiye ninayemfikiria zaidi. Hasira ile ni ya mtu aliyewahi kuliwaza jambo kabla yako akalisukuma ndani. Anajua bomba linatoa nini kuliko sisi sote. Ulimwuliza kwa namna ambayo kwake ina majibu mawili tu, kazi au mtoto, na baba gani ataweza kulijibu hilo akiwa ndiyo kwanza ametoka zamu? Mrudie kwa njia nyingine. Anza na kifua chake yeye. Miaka 14 ndani ya kiwanda cha kuyeyusha chuma, amewahi kupimwa mapafu? Anapewa barakoa ya kuchuja? Nguo za kazi anazivua wapi, maana vumbi la kiwandani husafiri na nguo hadi kwenye kitanda cha mtoto. Hayo anaweza kuyajibu bila kujiona msaliti.

Kisha mwambie hakuna anayeomba kifungwe. Dublin, Ireland, Septemba 1990 ilipiga marufuku kuuza makaa ya mawe yenye moshi mwingi. Watu hawakuacha kuota moto, walibadilisha wanachochoma. Moshi mweusi angani ukapungua kwa kama asilimia 70, na vifo vya magonjwa ya kupumua vikashuka. Viwandani vilevile kuna mifuko ya kuchuja vumbi na mitambo ya kulinasa kwa umeme kabla halijafika kwenye dohani. Ni vitu vya miaka mingi, si ndoto. Kinachoulizwa ni kama vimefungwa, kama vinafanya kazi, na kama huwa vinazimwa usiku. Mume wako na wenzake ndio wanaoweza kujua hilo la mwisho. Ninyi mlio nje mnaona moshi tu.

Mkutano ujao usiende peke yako. Mwombe yule mwalimu afuatane nawe, na mama mwenye njiti akiwa na nguvu. Kuanzia leo wewe na mwalimu wekeni daftari: tarehe, hali ya hewa asubuhi, ukungu upo au haupo, watoto wangapi hawakuja shule kwa kifua. Bila majina, watoto wa watu wasitangazwe. Halafu usiulize tena ni nini kilichomwuguza mwanao. Uliza mwaka jana watoto wangapi wa bonde hili walilazwa kwa pumu na mkamba, na wangapi katika wilaya zisizo na kiwanda. Uliza kifaa cha kupima chembe za maikroni 2.5 kiko wapi, na kinasoma nini. Shirika la Afya Duniani, tangu 2021, linapendekeza wastani wa mwaka usizidi maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo, na wa saa 24 usizidi 15. Akisema kifaa hakipo, uliza kitaletwa lini, na mwalimu aandike tarehe atakayoitaja.

Na ukitoka kwa daktari niandikie, unijulishe kama ile dawa ya kila siku ipo.